Shamba la Nabothi chini ya Mlima Meru

Tunaposoma habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, mara nyingi tunadhani ni mambo ya Israeli ya kale. Lakini yalitokea hata hapa kwetu, chini ya Mlima Meru.

Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya Arusha na Moshi ipangwe upya, na Ngare Nanyuki iwe ya walowezi wa Kizungu. Wameru walikataa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 pamoja na mifugo yao. Nyumba zao zilichomwa moto.

Wameru hawakushika silaha. Walikaa vikao, wakaandika malalamiko, wakachangishana fedha. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza, hivyo walikuwa na haki ya kupeleka shauri lao huko. Mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi New York, akisaidiwa na Earle Seaton, wakili kutoka Bermuda aliyefanya kazi Moshi.

Hawakushinda. Katika Baraza Kuu, azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura. Hata hivyo, TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, wengi nchini walikwisha kusikia kwamba watu wanyonge wanaweza kumshitaki mtawala mbele ya mataifa.

Tukumbuke kwamba Nabothi hakuangamizwa na Ahabu na Yezebeli peke yao. Wazee wa mji wake walipokea barua, wakatii. Wazee wa Meru walipokea amri, wakakataa.

Basi sisi wazee na wachungaji tujiulize. Mjane anapofukuzwa shambani na ndugu za marehemu mumewe, tunasimama upande gani? Mara ngapi tumemwambia avumilie na kuomba, huku aliyemfukuza anakaa kiti cha mbele na sadaka yake tunaipokea? Tumekosa, na tutubu. Toba hiyo ionekane: tumsikilize, tumtafutie mashahidi wa kweli, tumsindikize hadi baraza la ardhi.

Eliya alitumwa Nabothi akiwa amekwisha kufa. Sisi bado tunaweza kufika mapema.