Mbuta wawili juu ya meza moja Gikomba

Mpwani akiingia soko la samaki la Gikomba, Nairobi, hukosa sura alizozizoea. Changu na tafi sikuwaona; meza zimejaa tilapia, mbuta na mgongo wazi. Nilimuuliza mama mmoja kama mbuta wa Turkana na wa Ziwa Victoria wana tofauti. "Ni mbuta tu, ustadh," akanijibu. Kwa sufuria, kweli. Kwa asili yao, kuna kisa.

Samaki wa maji baridi havuki nchi kavu. Mlima ukiinuka, ziwa likipungua au maporomoko yakiziba njia, walio upande huu hawazaani tena na walio upande ule. Kila kizazi huja na mabadiliko madogo ya jeni, na kila upande hubaki na yake. Yakijikusanya kwa maelfu ya vizazi, ndugu huwa aina mbili.

Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Turkana lilijaa hadi likafurikia Mto Nile, ndiyo maana samaki wake wengi ni jamaa na wa Nile. Maji yalipopungua, njia ikakatika. Leo, pamoja na mbuta wa kawaida, ziwa hilo lina mbuta mwengine, Lates longispinis, asiyepatikana penginepo.

Victoria ni kinyume chake. Nchini Uganda, kwenye Maporomoko ya Murchison, Nile hupenya uwazi wa mita 7 na kushuka mita 43. Mbuta aliishi chini yake, hakuweza kupanda. Huku juu, fulu walijigawa aina zaidi ya 500. Miaka ya 1950 na 1960 watu wakambeba mbuta wakamtia ziwani. Alipozagaa miaka ya 1980, aina nyingi za fulu zilitoweka.

Jambo hili latuhusu Pwani. Mto Nairobi, unaopita kando ya Gikomba, huingia Athi, ambao kwetu ni Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Maji ya Victoria huenda Misri. Perege wa asili wa mito yetu ni Oreochromis spilurus. Tilapia wa sokoni ni wa Nile, jamaa wa mbali. Tangu serikali ilipohimiza vidimbwi vya samaki mwaka 2009, vifaranga husafirishwa kwa gari kuvuka kila mlima. Kidimbwi kikifurika, mgeni huingia mtoni na kuzaa na mwenyeji. Tanzania watafiti wamekwisha kukuta machotara wa namna hiyo.

Sisemi tusifuge. Anayechimba kidimbwi Kilifi au Tana River aulize vifaranga ni wa aina gani na wametoka wapi, na achimbe mbali na mkondo wa mafuriko. Mbuta hakupanda maporomoko, alipandishwa. Perege wetu naye akipotea, itakuwa kwa mikono yetu.