Mwegemeo wa uteuzi: wazee, chanjo na homa ya mafua

Mwaka 2006, Lisa Jackson na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za wazee 72,527 wa miaka 65 na kuendelea. Kabla ya msimu wa homa ya mafua kuanza, hatari ya kifo kwa waliochanjwa ilikuwa 0.39 ya ile ya wasiochanjwa. Msimu ulipopamba moto ikawa 0.56, na ulipokwisha, 0.74. Kama ni kazi ya chanjo tu, tofauti ingekuwa kubwa kuliko zote virusi vikiwa vimeenea. Hapa ilikuwa kubwa kuliko zote wakati virusi havijafika. Chanjo ilimkinga nani, na nini?

Huo ndio mwegemeo wa uteuzi: makundi yanayolinganishwa hayakuwa sawa tangu mwanzo. Chukua bibi mwenye saratani ya ini aliyebakiza wiki chache. Hatoki kitandani, na wanaomuuguza wanashughulika na maumivu yake, si na mafua ya miezi ijayo. Akifariki Novemba, anahesabiwa miongoni mwa wasiochanjwa. Mwenzake wa rika lake anayekwenda kliniki kwa miguu yake, anayemeza dawa za presha bila kukosa, anaingia upande wa pili. Sindano inasifiwa kwa afya aliyokuja nayo. Wagonjwa mahututi wakishafariki, pengo linapungua, kama tarakimu zile zinavyoonyesha.

Wengi huandika "upendeleo wa uteuzi". Mimi naliepuka neno upendeleo, maana msomaji ataanza kumtafuta aliyependelea, na hapa hakuna aliyedanganya. Takwimu zimeegemea upande mmoja, basi. Wala mtafiti hakumteua mtu. Maradhi na udhaifu ndivyo vilivyowagawa wazee.

Tafiti za aina hii ziliwahi kudai kwamba chanjo hupunguza nusu ya vifo vyote vya wazee majira ya baridi. Mwaka 2005, Lone Simonsen na wenzake walionyesha kuwa homa ya mafua yenyewe haisababishi hata asilimia 10 ya vifo hivyo.

Chanjo inafaa, na wazee waipate. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1994, watu 1,838 wa miaka 60 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu, na maambukizi yaliyothibitishwa yakapungua kwa takribani nusu. Lakini sifa iliyozidi ina madhara: anayeamini chanjo iliyopo inatosha hatafuti iliyo bora. Waliotafuta waliipata. Mwaka 2014 jaribio la wazee 31,989, nao wakigawanywa kwa bahati nasibu, lilionyesha kuwa chanjo ya dozi kubwa inazuia homa ya mafua kwa asilimia 24 zaidi ya ile ya kawaida.