Nyumba za njia ya Lodonga

Nilidhani hija ni magoti na rozari tu. Desemba iliyopita nilitoka Mvara, ninapofanya kazi na vijana, nikaungana na Wakatoliki waliokuwa wanatembea kwenda Lodonga, wilaya ya Yumbe. Pale kuna kanisa la Bikira Maria, Sultana wa Afrika. Lilipandishwa kuwa basilika mwaka 1961, na kila tarehe 8 Desemba mahujaji wanajaa.

Siku tatu hizo macho yangu yalikuwa kwenye nyumba. Ukiacha mji, mabati yanapungua. Unaona nyumba za duara, ukuta wa udongo, paa la nyasi linaloshuka ngazi kwa ngazi. Pembeni kuna ghala dogo lililoinuliwa juu ya miti, panya wasifikie mtama. Uwanja umefagiwa. Karibu na mlango, kaburi la mzee wa boma.

Jioni ya pili bibi mmoja alitupa maji. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu Ituri, "Mutoto, unatoka wapi?" Nikashtuka. Kumbe alijifunza Kongo, akiwa mkimbizi kama mimi.

Historia yenyewe ni hii. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi kwa kuwa alikuwa mtu wa kwao. Tarehe 24 Juni 1981, wanajeshi wa serikali waliua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Watu wengi sana walivuka kwenda Sudan na Zaire. Waliporudi, wengi walikuta nyumba hakuna. Wakaanza na udongo na nyasi.

Mimi kibanda changu cha Rhino Camp kilikuwa na turubai mwaka wa tano. Sikutaka kuezeka. Niliona nikiweka nyasi, nimekubali kwamba sirudi tena. Nikamwambia bibi. Akacheka.

"Kule Zaire nilijenga nyumba mbili. Nyumba haifunge mutu miguu. Siku ya kurudi ilifika, nikaziacha, nikatembea."

Sisi wa kambini tunagombana sana na wenyeji juu ya nyasi na miti. Tunasahau kwamba nyasi hizo ndizo paa lao pia. Januari sikwenda porini na panga. Nilikwenda kwanza kwa jirani mwenyeji, nikamsalimia, nikanunua mafungu kwake. Akaja mwenyewe kunionyesha namna ya kufunga.

Paa limekaa. Mvua ikinyesha nitawaambia kama linavuja.