Hela Inanunua Ubingwa? Kutoka Mwadui Hadi Nyankumbu

SEHEMU YA 1

Akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu, nawaona.

Leo siongelei chanjo. Wiki iliyopita siku ya kliniki alikuja mama mmoja kijana wa hapa hapa Kalangalala, ana mtoto wa miezi tisa. Nikafungua kadi, mstari wa uzito umelala miezi miwili. Mtoto hana homa, haharishi. Nikauliza nyumbani mnakula nini, akainama. Baba wa mtoto ni mchimbaji mdogo. Duara likitema hela inakuja, ila nusu yake inaishia kwenye mkeka. Nikamuuliza, hivi shemeji anabeti kwa kuangalia nini? Akanijibu, "Dada nesi, yeye anasema timu yenye hela lazima ishinde, kwa hiyo wala siyo kamari, ni hesabu tu."

Neno hilo nililala nalo. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo Jumamosi jioni redio haiguswi, mpira naufahamu kuliko mnavyodhani. Nikamwomba ruhusa nisimulie bila kumtaja, akakubali. Sasa shemeji, kaa hapa tupige hiyo hesabu pamoja, tena kwa historia ya mpira wetu wenyewe.

SEHEMU YA 2: Enzi ambazo usajili ulikuwa barua ya ajira

Yanga ilianzishwa 1935, na Simba 1936. Simba iliwahi kuitwa Sunderland, jina la Simba likaja 1971. Ligi ya taifa ilipoanza 1965, Sunderland ndiyo iliyochukua ubingwa.

Enzi hizo hakukuwa na mchezaji wa mamilioni. Lakini msidhani hela haikuwepo, ilikuwa na sura nyingine tu. Viwanda, mashirika ya umma na majeshi yalikuwa na timu. Kijana anayejua mpira alipewa kazi, na kwenye kazi kuna mshahara, mara nyingine na nyumba. Hapa kwetu Usukumani mfano ni Mwadui. Mgodi wa almasi alioufungua John Williamson mwaka 1940 ulikuwa na timu yake, na miaka ya 1970 jina hilo lilikuwa linatajwa redioni.

Je, almasi ilileta ubingwa Mwadui? Haikuleta. Mwaka 1975 ubingwa ulienda kwa Mseto ya Morogoro. Mwaka 1986 ukaenda Tukuyu, mji mdogo wa migomba na chai kule Rungwe, tena Tukuyu Stars ndiyo kwanza walikuwa wamepanda daraja! Mwaka 1988 Coastal Union wakaupeleka Tanga. Mwaka 1999 na 2000 Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ikauchukua mara mbili mfululizo.

Kwa hiyo hadi hapo shemeji hesabu yake haijakaa sawa.

SEHEMU YA 3: Mlango ulipofungwa

Sasa tuwe wakweli. Baada ya Mtibwa wa mwaka 2000, hadi msimu wa 2024/25, kombe la ligi limezunguka kati ya Simba na Yanga. Aliyelitoa hapo ni mmoja tu, Azam FC, msimu wa 2013/14, na aliuchukua bila kufungwa hata mechi moja.

Azam siyo masikini. Ni timu iliyozaliwa 2004 ndani ya kampuni za Bakhresa, ikapanda Ligi Kuu 2008, ikajenga uwanja wake Chamazi. Mishahara haikuwa tatizo. Mwaka 2015 ikachukua Kombe la Kagame. Lakini ubingwa wa ligi? Ule mmoja tu, na mpaka msimu wa 2024/25 hakuna mwingine. Kama hela peke yake ingekuwa inanunua, Azam wangekuwa na kabati limejaa.

Upande wa pili kuna Simba. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 kwa hisa asilimia 49. Simba ikabeba ubingwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Yanga nao wakajipanga, kampuni ya GSM ikaweka nguvu, wakabeba minne ya kwao kuanzia 2021/22 hadi 2024/25.

Hapo shemeji ameshaanza kutabasamu. Subiri kidogo.

SEHEMU YA 4: Tajiri akiondoka

Kabla ya hapo Yanga ilikuwa na mfadhili, Yusuf Manji. Yanga ikabeba ubingwa mara tatu mfululizo, 2014/15 hadi 2016/17. Mei 2017 Manji akajiuzulu uenyekiti. Hela ikakata. Mishahara ikawa shida, wachezaji wakagoma mazoezi, mashabiki wakaanza kuchangishana. Misimu minne ikapita bila ubingwa.

Hapo ndipo panaponivutia mimi. Ndiyo, hela ilipoondoka ubingwa uliondoka. Lakini je, Yanga ilishuka daraja? Haikushuka. Msimu wa 2018/19, katikati ya ukata wote ule, ilimaliza ya pili kwa pointi 86, nyuma ya Simba waliokuwa na 93. Kuna timu za matajiri hazijawahi kuona pointi 86.

Iliwezekanaje? Kwa sababu tajiri alikuwa mlango mmoja tu wa kuingizia hela, na nyumba ile ina milango mingi: wanachama, matawi, viingilio, mashabiki ambao mama zao na bibi zao walikuwa Yanga. Mlango mkubwa ulipofungwa, midogo ikaiweka nyumba hai mpaka mwingine ukafunguka.

SEHEMU YA 5: Sasa turudi nyumbani

Shinyanga kulikuwa na Stand United, Chama la Wana. Jina lenyewe linawaambia, ni timu ya watu wa stendi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, na ikamleta kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Watu tukasema sasa Kanda ya Ziwa imepata mkubwa. Kilichofuata ni ugomvi: timu ni ya wanachama au ya kampuni? Kambi mbili, viongozi wawili wawili. Mwaka 2016 mdhamini akajitoa. Msimu wa 2018/19 Stand ikashuka.

Mwadui nao walirudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16. Mwaka 2020 mgodi ukasimamisha uzalishaji wakati wa corona, na msimu wa 2020/21 timu ikashuka ikiwa mkiani. Sisemi mgodi ndiyo sababu pekee, ila angalieni miaka hiyo ilivyofuatana.

Na sisi wa Geita. Timu yetu ya Geita Gold ilikuwa chini ya halmashauri ya mji, mdhamini mkuu akiwa mgodi wa GGML. Ilipanda Ligi Kuu 2021. Msimu wa kwanza tu, chini ya kocha Fred Felix Minziro, ikamaliza ya nne! George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mnakumbuka mji ulivyokuwa? Wajawazito waliniambia mtoto akizaliwa wa kiume ataitwa Mpole.

Tukacheza Kombe la Shirikisho Afrika, tukatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa sheria ya bao la ugenini. Halafu Mpole akaenda Kongo, Lupopo ya Lubumbashi. Hivi ndivyo hela inavyofanya kazi kwa timu ya kati: ukimtengeneza mtu vizuri, mwenye nacho anakuja kumchukua. Mei 2024, siku ya mwisho ya ligi, Azam walikuja Nyankumbu wakatufunga 2-0. Tukashuka daraja. Mtibwa, bingwa wa mwaka 2000, akashuka msimu huo huo.

Dhahabu iko chini ya miguu yetu, na timu ilishuka.

SEHEMU YA 6: Siku tulipopoteza zaidi ya mechi

Hii sehemu inaniuma, lakini historia siyo ya kuchagua matamu tu.

Mwaka 2016, tukiwa bado daraja la kwanza, Geita ilikuwa inagombania kupanda. Mechi ya mwisho ikashinda 8-0 dhidi ya JKT Kanembwa. Siku hiyo hiyo Polisi Tabora, waliokuwa wanagombania nafasi ile ile, wakawafunga JKT Oljoro 7-0. Nchi nzima ikashika mdomo. TFF ikazikuta timu zote nne na hatia ya kupanga matokeo, ikazishusha daraja. Aliyepanda badala yao ni Mbao FC ya Mwanza.

Mbao hawakuwa na mgodi wala tajiri wa kutajwa. Mwaka uliofuata waliitoa Yanga 1-0 pale Kirumba katika nusu fainali ya Kombe la FA, wakaenda fainali Dodoma, na Simba ikahitaji dakika za nyongeza kuwafunga 2-1.

Sisi tulikaa miaka mitano mingine kabla ya kupanda, na tulipopanda 2021 tulipanda kwa haki. Njia ya mkato ilitugharimu muda kuliko njia ndefu.

SEHEMU YA 7: Mechi moja na mechi thelathini

Sasa shemeji, jibu lako hili hapa.

Ligi ni mechi 30. Katika mechi 30 mtu atateguka goti, mwingine atapata malaria, mwingine atafungiwa kwa kadi. Mwenye hela ana mbadala kwenye benchi, ana daktari, anasafiri kwa ndege akifika miguu haijavimba. Hela inafanya kazi kwa polepole, mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana ukiangalia msimu mzima, wenye hela wanakuwa juu. Hawana uhakika wa kombe, waulize Azam, ila juu watakuwepo.

Lakini mechi moja ni dakika 90. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu wakaipiga 2-1. Novemba 2024 Tabora United, timu iliyookoka kushuka daraja kwa mechi za mchujo tu miezi michache kabla, ikaifunga Yanga 3-1 Chamazi. Na misimu yote miwili Yanga alikuwa bingwa! Mmeona? Aliyesema "Yanga atakuwa bingwa" alipatia. Aliyesema "Yanga lazima ashinde leo" mkeka ulichanika.

Hata Marekani kwenye besiboli, ule mchezo wa kupiga kijimpira kwa gongo, ni hivyo hivyo. Mwaka 2002 New York Yankees walilipa wachezaji wao mara tatu ya walicholipa Oakland. Mwisho wa msimu kila mmoja alikuwa ameshinda mechi 103. Wakaingia kwenye mtoano wa mechi chache, wote wawili wakatolewa raundi ya kwanza, tajiri na masikini.

Wewe shemeji hubeti msimu. Unabeti mechi ya leo, tena unazifunga kumi kwenye mkeka mmoja. Hapo hela ya tajiri wa Dar haikusaidii kitu. Anayejua hesabu ya msimu mzima ni yule anayekuuzia mkeka, maana yeye anacheza na maelfu ya watu kila siku, mwaka mzima. Timu yenye hela hapo ni yeye.

SEHEMU YA 8: Kadi ya kliniki

Mama zangu, mtoto naye ni ligi, siyo mechi moja. Kuna baba duara likitema ananunua kopo kubwa la maziwa, soda na nyama kilo tatu siku moja, halafu wiki tatu ni ugali na maji ya mchicha. Uzito hauji hivyo. Unakuja kwa yai la leo, dagaa waliosagwa kwenye uji kesho, kijiko cha karanga, maharage, parachichi la msimu. Vitu vya sokoni hapa hapa. Kidogo, kila siku.

Na milango iwe zaidi ya mmoja. Kama nyumba yote inategemea duara moja, siku likigoma mnashuka daraja kama Stand. Mama akiwa na kigenge chake, au kikoba cha kila Jumapili, hata kidogo, nyumba inapumua.

Yule mama nilimwambia arudi baada ya wiki mbili, na aje na mume wake. Nilimwambia amwambie hivi: nesi hamgombezi, nesi anataka kubishana naye mpira.

Juzi wamekuja wote wawili. Tumebishana kweli, ni Simba wa kufa mtu. Kadi niliandika mbele yake: mtoto ameongeza gramu 300. Aliiangalia kadi muda mrefu, akauliza ule mstari wa juu ni wa nini. Nikamwonyesha.

Sehemu hii imeisha. Nani alikuwepo Nyankumbu ile siku ya Azam? Niandikieni hapo chini. Alhamisi tunarudi kwenye yetu: mtoto anayekataa uji, tunamfanyaje.

Nesi wenu, Kalangalala.