Mali ya Ardhini na Maendeleo ya Wenyeji

Ndugu wanafunzi wa zamani, wengi wetu tumejenga kwa saruji ya Wazo Hill, hapa hapa Kinondoni. Mawe ya chokaa ya kilima kile yalikuwapo tangu kale. Lakini ni baada ya kiwanda kuanza kazi mwaka 1966 ndipo yalipozaa ajira na biashara kwa majirani wa Tegeta.

Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, ina historia nyingine. Iligunduliwa mwaka 1974, ikangoja miaka 30. Mwaka 2004 bomba liliifikisha Dar es Salaam, ikazalisha umeme Ubungo, wakati huo ikiwa sehemu ya Kinondoni, na kuwasha tanuru za Wazo Hill. Faida ilitufuata sisi kwa sababu viwanda vilikuwa kwetu tayari.

Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara walipinga bomba la kuleta gesi yao huku. Mimi, ofisa kijana, nilikuwa miongoni mwa waliowabeza. Nilikosea. Ugunduzi peke yake hauendelezi mahali. Kinachoendeleza ni kazi inayofanyika pale pale. Sisi tupangao mipango maofisini tusilisahau hilo.