Ulibertari na Uhafidhina katika Mizani ya Mkristo wa Kongo

Ulibertari ni itikadi inayoiachia serikali kazi chache tu, yaani kulinda mwili, mali na mikataba ya raia, huku mambo mengine yote, maadili yakiwamo, yakibaki katika hiari ya mtu mwenyewe. Haufai kuitwa uliberali, kwa kuwa waliberali wengi hutaka serikali igharimie shule na matibabu. Uhafidhina, wenye shina moja na kitenzi kuhifadhi, huziona ndoa, familia na dini kuwa amana ya vizazi ambayo sheria haina budi kuilinda.

Wakristo wengi huuona uhafidhina kuwa ndio kwao, lakini historia ya Kongo yataka tahadhari. Rais Mobutu, aliyejitangaza mlinzi wa urithi wa mababu kwa sera yake ya otantisite, ndiye aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, Kardinali Malula aliyempinga akalazimika kwenda uhamishoni Roma, na miaka miwili baadaye shule za makanisa zikataifishwa. Dola inayokabidhiwa kazi ya kuhifadhi hujipa pia mamlaka ya kuamua kipi kihifadhiwe, na katika hilo onyo la walibertari ni la haki kabisa.

Hata hivyo, mkataba wa mwaka 1977 uliyarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo, mishahara ya walimu ikibaki juu ya serikali. Mzazi wa Kasungami, katika komini ya Annexe jijini Lubumbashi, anayempeleka mtoto katika shule ya namna hiyo, iitwayo konvansione, hukuta kanisa likisimamia malezi na mwalimu akingoja mshahara wa serikali. Mlibertari halisi angeuondoa mshahara huo, na mzigo wote ungemwangukia mzazi, ambaye uhuru wa kuchagua shule asiyoweza kuilipia haumfai kitu.

Fundisho la Kikatoliki linalogusa jambo hili huitwa kanuni ya auni, iliyofafanuliwa na Papa Pius XI mwaka 1931: chombo kikubwa kisipore kazi ambayo familia au jumuiya ndogo yaiweza, bali kiisaidie inapolemewa. Kanuni hiyo hailingani na itikadi yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo Mkristo asiuite ulibertari uhuru wa Kikristo, wala uhafidhina siasa ya Kikristo.