Muuguzi Alifaulu, Malipo Yakamkwamisha

Nyumba za Lawrence Heights, Toronto, zinaendelea kuvunjwa. Mtaa huo wa nyumba za umma, uliojengwa miaka ya 1950 na kuhifadhi familia nyingi za Kisomali, uliidhinishiwa ujenzi mpya mwaka 2010. Yanayosemwa sana ni maghorofa yanayokuja. Kituo cha afya cha Unison, hapo hapo Flemington Road, hakitajwi, ingawa katika vituo vya namna hiyo muuguzi bingwa anampima mgonjwa, anatambua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Ruhusa hiyo iligombewa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 1971, Chuo Kikuu cha McMaster, katika jimbo hilo hilo la Ontario, kilikuwa kimeanza kuwafunza wauguzi wa kazi hiyo. Dk. Walter Spitzer na wenzake wakaenda mji wa Burlington, kwenye kliniki ya madaktari wawili, wakazigawa familia 1,598 kwa kura: 1,058 zikaendelea kwa daktari, 540 zikapokewa na muuguzi. Mwaka ulipokwisha, wauguzi walikuwa wamewahudumia wagonjwa peke yao katika asilimia 67 ya mahudhurio. Afya za pande zote mbili zilikuwa sawa, na wagonjwa waliridhika. Matokeo yalichapishwa mwaka 1974.

Ugomvi ukawa wa fedha. Mapato ya kliniki yalishuka kwa asilimia 5, kwani bima ya serikali haikulipia kazi aliyoifanya muuguzi bila daktari. Jamii ilinufaika, mwenye kliniki akapata hasara. Mwaka 1983 McMaster ikafunga mafunzo. Ni aibu kubwa: ujuzi ulithibitishwa kwa utafiti, kisha ukatupwa kwa sababu ya utaratibu wa malipo, na walioumia ni watu wa mitaa kama Lawrence Heights, ambako daktari wa familia ni wa kutafuta kwa tochi.

Mafunzo yalirudi mwaka 1995. Sheria ya Ontario iliyoanza kutumika 1998 ikawafungulia wauguzi bingwa daraja lao la usajili, pamoja na orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuandika. Orodha hiyo iliondolewa mwaka 2011, wasibanwe nayo tena.

Januari 2025 waziri wa afya wa Kanada, Mark Holland, alizitaka serikali za majimbo zigharimie huduma za wauguzi hao zinazolingana na za daktari, kuanzia Aprili 2026.